Nilivyoishi na neno "catch" kando ya ziwa

Kazi yangu ni ukalimani. Si ule wa kwenye mahoteli, wa kukaa kwenye kibanda cha vioo na vipokea sauti masikioni. Wangu ni wa kusimama kwenye tope la mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki kando ya Ziwa Victoria huku Mwanza: Kirumba, Igombe, Kayenze, na mara nyingine kuvuka maji hadi Ukerewe, katikati ya mtu mwenye daftari na mtu mwenye wavu. Nimewafasiria watafiti wa samaki, wanunuzi wa minofu na mabondo (vile vifuko vya hewa vya samaki), watu wa miradi ya akina mama wanaoanika dagaa, hata mtalii aliyekuwa anatafuta boti ya kwenda kisiwa cha Saanane akajikuta kwenye soko la samaki la Mwaloni, kazungukwa na magunia ya dagaa yanayosubiri safari ya Kongo.

Watu hudhani kinachochosha katika kazi hii ni maneno ya kitaalamu. Hayachoshi. "Swim bladder" ni bondo, yamekwisha. Ukilijua leo, kesho halikugeuki. Linalochosha ni neno jepesi, lile ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi analo kwenye daftari lake la msamiati. Kwangu mimi neno hilo ni "catch".

Shuleni tuliimba: catch, caught, caught, kukamata. Ubaoni maana ilikuwa hiyo moja, na ubaoni ilitosha. Ila ukifika mwaloni na "kukamata" yako, unakuta kitenzi hicho kina mwenyewe. Kwenye ziwa letu samaki anavuliwa. Anayekamatwa ni mvuvi. Kukamata ni kazi ya doria: wamekuja asubuhi, wamekamata kokoro, ule wavu wa kukokota, wamekamata nyavu za macho madogo, wamemkamata na kijana wa tajiri fulani. Kwa hiyo mtafiti akisema kwa upole kabisa kwamba anataka kujua walikamata nini usiku, na mkalimani akapitisha neno hilo kama lilivyo, mazungumzo yanakufa hapo hapo. Kila mtu anaangalia vidole vyake vya miguu.

Kisa kilichonifanya nilitazame neno hili kwa makini kilitokana na barua. Kampuni moja ilikiandikia kikundi cha wavuvi wa dagaa ikitaka kuwakopesha taa za sola. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika, kwa sababu taa haivuti dagaa mbele ya mbalamwezi. Zamani zilikuwa karabai na gharama ya mafuta ya taa, kwa hiyo ofa ya taa za sola ilikuwa na maana. Barua ilieleza mkopo, muda na jinsi ya kulipa, kisha ikafunga aya kwa sentensi fupi: "There is no catch."

Kijana mmoja wa kikundi aliiweka kwenye programu ya tafsiri ya simu. Simu ikajibu: "Hakuna kukamata."

Nilipoitwa jioni hiyo, kikao kilikuwa kimechangamka. Mzee mwenye mitumbwi, ambaye wote pale tunamwamkia kabla ya kukaa, alinipokea akiwa ameshashika kalamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane. Soma hapa utuambie vizuri. Ina maana ukiwa na taa zao doria haikugusi?"

Mwingine akadakia kwamba hao watu lazima wana mkono huko juu, ndiyo maana wanaandika waziwazi. Wa tatu alitaka kujua kama kinga hiyo inafika mpaka maji ya Kagera.

Niliisoma barua yote kwanza. Kisha nikasema, "Mzee, hapo wanakuambia kwamba hakuna namna."

Alielewa kabla sijamaliza. Akaweka kalamu chini. "Mimi sijawauliza kama kuna namna. Mbona wanajitetea?"

Ndiyo tafsiri bora ya "catch" hii niliyoipata hadi leo, na haimo kwenye kamusi yoyote niliyonayo. "Hapa kuna namna" ndivyo tunavyosema tunapoona kitu kizuri mno kwa bei ndogo mno. Namna yenyewe tuliikuta ukurasa wa tatu: mpaka deni liishe, dagaa wote wangeuzwa kwa wakala wa kampuni, kwa bei atakayopanga wakala. Kikundi kiliomba bei ifuate ile ya siku hiyo pale Mwaloni. Kampuni haikujibu, na taa walikuja kuzinunua kwa kuchangishana.

Waingereza wana na dada yake mkubwa wa "catch" hii, ambaye ana namba. Mwaka 1961 mwandishi Mmarekani Joseph Heller alitoa riwaya ya vita iitwayo "Catch-22". Ndani yake kuna kanuni ya jeshi la anga: askari akiwa kichaa anaweza kuondolewa kwenye safari za kudondosha mabomu, ila sharti aombe mwenyewe, na akiomba, ameonyesha kwamba anaogopa kufa, maana yake ana akili timamu, basi arudi kwenye ndege. Namba haikuwa na maana ya pekee. Mwandishi alikuwa ameandika 18, ikabadilishwa kwa sababu riwaya nyingine yenye 18 kwenye jina lake ilikuwa inatoka mwaka huohuo. Siku hizi Mwingereza akikwama kati ya masharti mawili yanayokulana, husema yuko kwenye "catch-22" hata kama hajawahi kukiona hicho kitabu. Nilimweleza hayo mama mmoja mwanika dagaa aliyekuwa ameambiwa kwamba mkopo wa kununua mtambo wa kukaushia unahitaji dhamana, na dhamana inayokubalika ni mtambo. Akanijibu, "Hiyo mbona tunaijua, tena bila kusoma."

Baada ya barua ile nilianza kuandika kila "catch" niliyokutana nayo, sentensi nzima, na chini yake kitenzi cha Kiswahili kilichonisaidia. Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba Mwingereza na sisi hatukubaliani nani anamwinda nani.

Chukua mafua. Mwingereza husema yeye ndiye aliyeya-catch mafua, kana kwamba aliyakimbiza. Sisi tunashikwa na mafua, tunapatwa na homa, malaria inatuangusha; ugonjwa ndio wenye miguu. Chukua basi. Yeye anali-catch, na akishindwa anasema amelikosa, kama mtu aliyelenga shabaha. Sisi tunawahi gari, na tusipowahi, gari limetuacha. Kabla ya daraja la Kigongo hadi Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, kuwahi kivuko ndiko kulikopanga siku ya mtu anayekwenda Sengerema au Geita, na sijawahi kumsikia abiria yeyote pale akisema amekamata kivuko. Anawahi au anaachwa, na akiachwa anakula mahindi ya kuchoma akisubiri.

Mfano ninaoupenda zaidi upo majini kwenyewe. Katika ziwa moja, kwa kitenzi kimoja, Mwingereza anaweza ku-catch sangara na ku-catch kichocho. Ukiufikiria ugonjwa wenyewe, Kiswahili ndicho kimeuona sawasawa. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, huogelea, humtafuta mtu aliyesimama kwenye maji na kupenya ngozi yake. Mwenye kukimbizwa hapo ni mtu. Kwa hiyo nilipopewa bango la afya la kutafsiri, lenye "you can catch bilharzia", niliacha kuhangaika na kukamata wala kudaka. Niliandika kwamba kichocho kinakuingia ukiwa umesimama majini. Mhudumu wa afya aliyelipitia alilikubali bila kubadilisha kitu.

Wasomi wa Kiingereza wanaeleza kwamba neno hili lilifika kwao kupitia Kifaransa cha kaskazini, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, na mzizi wake ulikuwa wa kuwinda. Neno "chase", kukimbiza, ni ndugu yake wa tumbo moja aliyepitia Kifaransa cha sehemu nyingine. Ndugu mmoja alibaki na mbio, mwingine akachukua mwisho wa mbio. Ndiyo maana ninapokwama siulizi tena "catch maana yake nini". Ninauliza: hapa ni kipi kilikuwa kinakwenda, na nini kimekizuia?

Swali hilo limeniokoa mara nyingi, na hakuna mahali lilipofaa kama kwenye injini. Mgeni mmoja tuliyekuwa naye majini, mbele kidogo ya Igombe, alikuwa akisimulia safari yake ya nyuma. "The engine caught," akasema, akanyamaza kunywa maji. Vijana wa mtumbwi wakanitazama. Sentensi ikiishia pale ni habari njema: mlivuta kamba mpaka mkakata tamaa, hatimaye injini ikawaka. Angeongeza neno moja tu, "fire", ningetakiwa kusema injini ilishika moto, na hapo kila aliyeko chomboni anatafuta boya lake. Angeongeza "on", kuna kitu kimenasa, huenda ni wavu kwenye pangaboi. Kitenzi ni kilekile, injini ni ileile, na mtumbwi unaweza kuwa unakwenda, unaungua au umefungwa na nyavu za watu. Basi nilingoja mgeni ashushe chupa. Vijana walidhani sijaelewa, mmoja akacheka. Mgeni akaendelea: "at last." Nikasema, "Injini ikawaka, hatimaye." Kusubiri maneno yanayofuata ni nusu ya kazi yangu, na ndiyo nusu isiyolipwa.

Mgeni huyohuyo alikuwa mpiga makasia wa chuo kikuu kwao. Alipowaona vijana wakishindana kwa kasia, mmoja akakwama, kasia likazama likamvuta karibu atupwe nje, alipiga kelele kwa furaha: "He caught a crab!" Kaa tunao ziwani, wadogo wa kwenye mawe, kwa hiyo wenzangu waliinama kutazama kwenye maji. Hakukuwa na kaa. Wapiga makasia wa Kiingereza husema hivyo kasia linapotumbukia vibaya likang'ang'aniwa na maji, kana kwamba kaa amelishika kwa gando. Wana pia "the catch" peke yake, kwa maana ya ile nukta ambapo bapa la kasia linaingia majini kuanza kuvuta. Niliwaeleza vijana. Tangu siku hiyo anayekosea kasia pale huambiwa amevua kaa, na wanaosema hivyo wengi hawajui msemo ulitoka wapi.

Fomu za takwimu ni habari nyingine, nzito kuliko misemo, kwa sababu huku kosa la tafsiri linageuka kuwa tarakimu. Tanzania, Kenya na Uganda huhesabu samaki wa ziwa hili kwa utaratibu wa pamoja chini ya shirika la uvuvi lenye makao Jinja, na moja ya kazi hizo kwa Kiingereza inaitwa Catch Assessment Survey. Kwenye fomu pana mahali pa kujaza "total catch". Mvuvi ukimuuliza amepata kilo ngapi atakutajia alichopima kwa mnunuzi. Hatataja samaki wa mboga waliopikwa chomboni, wala waliopewa watoto waliosaidia kuuvuta mtumbwi, wala furu, wale samaki wadogo, walioingia kwenye wavu wa dagaa wakatupwa. Na sangara wa chini ya sentimita 50 hatawataja kwa sababu anajua haruhusiwi kuwavua. Hapo unarudi kule kule kwenye kukamatwa.

Mtaalamu anawataka wote hao. Kwake "catch" ni kila kilichotolewa majini, na "landings" ni kilichofika nchi kavu. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo inayomwambia ziwa linakwenda wapi. Sasa Kiswahili cha mwaloni hakina neno moja la kubeba hilo, na mimi sioni aibu kusema hivyo; sentensi ipo. Ninauliza: "Samaki wote waliotoka majini usiku huu, pamoja na mliowala na mliowaacha, wangejaza ndoo ngapi?" Ndoo wanaitaja kwa amani kuliko kilo, maana kilo ina mzani, na mzani una mtu nyuma yake. Wapo wanaotaka nitafute neno fupi liingie kwenye kisanduku cha fomu. Ninawajibu kwamba kisanduku kinaweza kupanuliwa.

Mengine yote yalikuja kirahisi, tena mengi tunayo tayari kwa sura yetu. "I didn't catch that" ni "sijakupata", hata ukali wa sauti unalingana. Mtoto anayenasa lugha haraka, mtandao unaoshika ukipanda kwenye jiwe, wimbo ulioshika mjini, vyote vina "catch" ndani yake upande wa pili. Mpira nao: golikipa anadaka, na watangazaji wetu wamempa jina la mdaka mishale, ambalo sijaona Kiingereza kikilifikia. Kwenye kriketi Waingereza wana kichekesho chao: mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji ndiye anayeandikwa "caught" kwenye karatasi ya matokeo, ingawa yeye amesimama pale pale na kilichodakwa ni mpira.

Kuhusu mapenzi, lugha zote mbili zimekimbilia ziwani. Bwana harusi mwenye kazi nzuri na adabu, wao wanamwita "a good catch". Vijana wa hapa wanasema binti ameopoa, na kuopoa ni kutoa kitu majini. Kwa wanaokutwa pasipostahili, sisi tumewazidi: tuna kitenzi kizima, kufumania, kisichohitaji maelezo ya mahali wala saa, wakati Mwingereza lazima apange "caught" yake na maneno mengine matatu mpaka watu waelewe.

Na kuna moja iliyonifurahisha kuliko zote. Mama wa Kiingereza anamwambia mtoto mtundu, "You'll catch it." Nini hicho? Hasemi. Mama wa hapa Nyakato, Mwanza, anasema, "Utakipata." Nini? Naye hasemi. Bahari zote zile kati yao, na wote wawili wamekiacha hicho kitu bila jina, na watoto wote wawili wanakijua.

Vijana wanaotaka kuingia kwenye ukalimani huniomba orodha ya maana za "catch". Ninayo, ndefu, na siwapi. Nimeona wanavyoitumia: wanakariri namba moja hadi ya mwisho, kisha mbele ya mgeni wanaanza kuchagua kwa kubahatisha. Ninawapa sentensi zenye nafasi wazi baada ya "caught", nawaambia wajaze wao, kisha waniambie nani anakwenda, nani kasimama, na nani ana wasiwasi. Anayeweza kunijibu la tatu ninamchukua.

Lipo bado moja linalonipa kazi. Kwenye mikutano ya mazingira hawakosi kusema "catchment", eneo lote ambalo mvua yake huishia ziwani. Kwetu limezoeleka kuwa bonde, na kwa watu wa Simiyu au Mara halina ubishi. Lakini maji ya Ziwa Victoria huletwa pia na mto Kagera, ambao vyanzo vyake viko kwenye vilima vya Rwanda na Burundi, nchi mbili ambazo hazigusi ziwa hili hata kwa kidole. Katika kikao kimoja nilisema wao pia ni watu wa bonde la ziwa, na mjumbe kutoka huko akanyoosha mkono, kwa Kiswahili safi kabisa: "Mheshimiwa mkalimani, sisi tuko mlimani."

Siku hizi ninasema "nchi ambazo mvua yake inashukia kwetu". Ni maneno mengi, na wenye vipaza sauti hunung'unika kwamba ninachelewesha kikao, ila kutoka mlimani hakuna aliyenyoosha mkono tena.